Msasa kwenye Mlango wa Daktari wa Meno

Jikoni kwa Mama,
Jumapili tarehe 12, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu kwanza, maana nakujua, ukiona mwandiko wangu utarukia katikati kutafuta habari. Usiruke. Hujambo wewe? Watoto hawajambo? Na wifi yangu je, kile kikohozi chake kimemwachia, au bado anakifuga? Mwambie avae soksi. Najua ataniona mshamba, lakini avae.

Sisi huku tu wazima wa kutembea. Mama yupo, magoti yake ndiyo yana akili zao: likilala hili, lile linaamka. Anasema unamtumia picha za theluji makusudi ili yamuume vizuri. Picha zenyewe amezibandika zote kwenye mlango wa kabati la vyombo, kwa hiyo usichukulie maneno yake sana. Mimi sijambo. Kaka hajambo. Baba, mwilini, ni mzima kuliko sisi sote, anakula na kuongeza.

Umeniuliza kwa nini siku hizi sipokei simu zako za Jumamosi. Nazipokea, ila Kaka akiwa karibu anaiweka simu kwenye spika, kila mtu anasema na hakuna anayesikia, na wewe mwenyewe hodari wa kukatiza tangu utotoni. Barua haikatizwi. Kaa chini usome.

Mke wa Kaka anajifunza kuendesha gari na mwalimu wake ni Kaka. Ndoa bado ipo.

Yule kinyozi wa pale kona amehamia ukutani kwetu, upande wa karakana. Redio yake tunaisikia bure, na wateja wake wanasikia ugomvi wetu bure, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Chumba chako tumekigeuza stoo ya mbao. Kitanda kiko humo chini mahali fulani, na ukija tutakichimbua.

Haya, sasa habari yenyewe. Mlipiga kura tatu siku ile ya simu: wewe ulisema Baba afungiwe karakana asiingie tena, Kaka akasema afungiwe, Mama akasema hapana, nami nikasema nitajibu kwa barua. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa sijui nasema nini. Sasa najua, lakini jibu langu lenyewe halina maana kama sijakueleza lilivyokuja.

Wewe uliondoka Baba akiwa Baba. Aliyekuja baada ya hapo hujamwona, umesimuliwa tu, na kwa simu mtu yeyote anasikika mzima. Kusahau kulianza kama mzaha. Alikuwa anasalimia watu mara mbili, tukacheka. Akaweka kopo la gundi kwenye friji na siagi akaja nayo karakana, tukacheka zaidi. Kisha asubuhi moja akaniita "Dada" mpaka saa ya chakula, akiniuliza kama nimewafungia kuku wa mama yetu. Nikamwambia nimewafungia. Siku hiyo sikucheka.

Lakini mikono haikusahau. Hilo ndilo lililotudanganya. Ukimpa patasi anajua upande wa makali gizani. Alikuwa anaweza kunisimamia pale mezani hajui ni mwezi gani, na bado akaniambia kipande changu kimezidi unene wa karatasi upande wa kushoto, nikipima nakuta kweli. Kaka, unavyomjua, hata huzuni anaipimia rula, naye akapima akaona Baba yuko salama kazini kuliko sebuleni. Tukamwacha.

Basi akaja yule daktari wa meno. Alitaka milango miwili ya kabati la chumba cha kusubiria wagonjwa, yenye korongo watatu kila mmoja. Alisema watu wakimsubiri wanatazama ukuta na kusikia mashine yake ndani, afadhali watazame ndege. Nikaona ni mtu mwenye akili.

Tukaamua kazi ile tuikate ya pacha, kama Baba alivyotufundisha. Wewe uliikimbia hii kazi mapema, acha nikukumbushe. Unachukua ubao mwembamba wa mpingo, unaulaza juu ya ubao mwembamba wa mchungwa, juu kabisa unagandisha karatasi ya mchoro. Unavibana vyote pamoja, kisha ule msumeno mwembamba kama uzi unapita mara moja. Ukitenganisha, una ndege mweusi na ndege mweupe, na matundu mawili waliyotoka. Mweusi anaingia kwenye tundu la ubao mweupe, mweupe kwenye tundu la ubao mweusi, na wote wanakaa sawasawa kwa sababu mkato ulikuwa mmoja. Hakuna kinachotupwa. Mlango mmoja unakuwa mchana na mwingine usiku. Midomo na miguu tukaiweka ya mninga, ile rangi yake ya kahawia nyekundu.

Kaka alikata, mimi nikapanga na kugandisha. Nisijisifu, lakini ile shingo ya korongo wa katikati ukipitisha ukucha huhisi unapotoka mti mmoja kuingia mwingine. Ilibaki kusawazisha uso na kupaka vanishi.

Na hapa ndipo ujue kosa lenyewe, kwa maana mtu wa nje ukimsimulia anauliza "kwani kuna nini?" Mpingo ni mweusi mpaka vumbi lake. Ukiusugua kwa msasa, lile vumbi linaingia kwenye vinyweleo vya mti mweupe ulio jirani, na likiingia halitoki. Mchungwa wa manjano laini unakuwa rangi ya maji ya kudekia. Ndiyo maana kwetu uso wa njumu, yaani mti uliopachikwa ndani ya mti, haupigwi msasa, unakwanguliwa kwa bamba la chuma, pole pole. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyojifunza, kabla hata ya kunawa mikono. Baba aliwahi kumfukuza fundi mzima kwa kuuona tu msasa umelazwa juu ya meza ya njumu. Haukuwa umetumika, ulikuwa umelazwa tu.

Siku hiyo nilimpeleka Mama kliniki kwa ajili ya magoti. Kaka alikwenda kutazama mbao. Alibaki Fundi Kobe, yule mpaka rangi wetu ambaye hajawahi kuharakisha kitu, naye akatoka kidogo kufuata spiriti. Kidogo cha Kobe unakijua.

Tuliporudi tulimkuta Baba amevua shati, ameinama juu ya mlango wa mchana, anasugua kwa msasa mkavu, kwa kuzungusha, na anapiga mluzi. Mlango wa usiku alikuwa ameshaumaliza. Vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Akatutazama kwa furaha kabisa, akasema, "Nimewamalizia. Mlikuwa mnajivuta."

Korongo weupe walikuwa wamekuwa wa kijivu, na anga la wale weusi limechafuka kama limefutwa kwa kitambaa cha jikoni. Kaka aligeuka akatoka nje. Nilisikia ndoo ikipigwa teke, kisha nikasikia kinyozi anapunguza redio ili asikie vizuri. Mimi nilimvisha Baba shati nikampeleka kunawa. Njiani aliniuliza kama tumeipenda. Nikasema tumeipenda sana.

Tulijaribu kuokoa. Tulipuliza, tukasugua kwa brashi laini, tukapitisha spiriti, na spiriti ikalizamisha vumbi zaidi. Kaka akasema tukwangue mpaka chini ya uchafu. Ubao ni mwembamba, unajua, na kwenye shingo ya yule korongo wangu wa katikati chuma kikatokeza upande wa pili. La kuvunda halina ubani. Kaka akamwendea daktari wa meno mwenyewe, akamwambia kazi imeharibika karakanani na kwamba tunaanza upya. Hakusema mkono wa nani. Daktari akamsamehe, kisha akamtazama meno bila kuombwa akamwambia moja la nyuma ling'olewe.

Jioni hiyo ndipo Kaka akakupigia. Uliyoyasikia uliyasikia. Lakini hukuuona uso wake, ndiyo maana uliona ni hasira. Asubuhi moja ya wiki iliyotangulia alikuwa amemkuta Baba amesimama mbele ya ule msumeno wa umeme, unazunguka, na mkono wake uko mezani pale pale, anashangaa tu kama mtu anayetazama maji. Kaka hakumwambia yeyote. Alikuwa anatembea na jambo hilo peke yake. "Leo ni mlango," aliniambia baada ya kukata simu, "kesho ni vidole. Mimi sitaki kuja kuokota vidole vya baba yangu."

Mama naye alikuwa na lake. Alisema, "Mkimtoa kule mtamleta wapi? Hapa? Huyu mtu tumedumu kwenye ndoa kwa sababu anashinda kazini." Tukacheka kidogo. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba akikaa ndani mchana kutwa atakuwa mgonjwa, na kwamba sasa hivi bado si mgonjwa, ni mtu anayesahau. Akarudi kwenye mchele wake. Mama huwa hasemi jambo mara mbili.

Ikakubaliwa, kwa kura zenu mbili dhidi ya moja na mimi nimekaa katikati kama kiti, kwamba Baba asiingie tena karakana, na kwamba Kaka, kwa kuwa ni mkubwa, ndiye atakayemwambia. Kaka akasema atamwambia kesho. Kesho ikafika, akasema Baba ameamka vibaya, ngoja kesho. Siku iliyofuata Baba aliamka vizuri mno, Kaka akasema haiwezekani kumharibia mtu siku nzuri hivi. Ikawa hivyo. Baba anaingia asubuhi, anakaa mahali pake, tunampa vipande vya kupanga, na Kaka anamtazama huku anakata, jambo ambalo kwa msumeno si zuri.

Tulikuwa tumeanza milango upya. Mchungwa mkavu ulibaki ule tu ambao Baba mwenyewe aliutundika darini, wa ule mti uliokuwa uani tulipokuwa wadogo. Kaka alipanda kuushusha, akatoka na buibui wa dari nzima kichwani. Ile milango iliyoharibika tuliiegemeza pembeni, nyuso ukutani, tukaifunika gunia. Nadhani hakuna kati yetu aliyetaka kuitazama.

Asubuhi ile Kaka alikuja mapema akaniambia, "Leo namwambia." Alikuwa amevaa shati la kutokea. Nikajua kweli leo.

Baba akaingia. Badala ya kwenda mahali pake akaenda kwenye lile gunia, sijui kwa nini, akalivuta. Akauchukua mlango wa mchana, akaubeba mpaka dirishani, akauinamisha kwenye mwanga namna ile, unaijua, jicho moja limefumbwa. Akapitisha kidole gumba.

Akauliza, "Nani amepiga msasa hapa?"

Hakupaza sauti. Ilikuwa ile ya zamani, ya chini, ile iliyokuwa inatufanya watoto tuombe ruhusa ya kwenda chooni. Mwaka mzima sikuwa nimeisikia. Fundi Kobe akafungua droo akaanza kutafuta kitu ndani yake. Mimi nilikuwa na gundi ya moto mkononi, nikafungua mdomo niseme ni unyevu tu Baba, ni mvua, uongo wowote utakaopita.

Kaka akaweka msumeno chini. "Ni mimi, Baba."

"Wewe?"

"Mimi."

"Una umri gani?"

"Mtu mzima, Baba. Nina wajukuu."

"Na hao wajukuu wanajua babu yao analisha mti mweupe vumbi la mpingo?"

Kaka akasema hawajui. Alikuwa amesimama mikono nyuma, na lile shati la kutokea. Baba akamwita karibu, na hapo akaanza. Mdogo wangu, alisema yote. Alisema mti mweupe una vinyweleo vilivyo wazi kama midomo ya makinda, ukiupa masizi unameza, na ukishameza hautapiki. Alisema msasa ni wa viti na meza za shule. Alisema njumu inakwanguliwa, kwa kufuata mshipa wa mti, kutoka kwenye mweupe kwenda kwenye mweusi na si kinyume, na kila ukikwangua mara moja unapuliza, na unapuliza kwenda nje, si kuelekea kazi. Alisema chuma kisiponolewa ni msasa tu kwa jina lingine. Kisha akachukua bamba, akauweka mkono wa Kaka juu yake na wa kwake juu ya wa Kaka, akausukuma. Ule unyoya mwembamba wa mbao ukatoka umejikunja, mzima, kama wa siku zote.

"Umeona?"

"Nimeona, Baba."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo usiguse kazi. Leo utafagia."

Na Kaka akachukua ufagio. Yule Kaka anayetupangia hata sehemu ya kuning'iniza makoti, akafagia karakana yote mpaka chini ya mashine, na Baba anamwonyesha alipoacha. Redio ya kinyozi ilikuwa imezimwa kabisa.

Baadaye nilimkuta nje kwenye bomba. Alikuwa analia, nakuambia kama ilivyo. Nikafikiri ni aibu. Akasema, "Hakukosea hata neno moja. Nilidhani ameshakwisha. Kumbe yumo." Nikalia naye kidogo, kisha nikakumbuka gundi inaganda, tukarudi ndani.

Hakumwambia Baba lile alilovalia shati.

Kesho yake Baba hakukumbuka chochote, wala mlango, wala ufagio. Aliniuliza chai iko wapi na kikombe kiko mkononi. Mimi nilikuwa nimeshaamua ile milango mibovu iende kuni, niliona haina haja ya mtu kuumia mara mbili. Nilipoishika, Kaka akanizuia. Akautoa ule wa mchana kwenye gunia, akauegemeza mwenyewe dirishani, penye mwanga, kisha akaenda mahali pake akaanza kukata kama hana habari.

Baba akapita. Akasimama. Akainamisha kichwa. "Nani amepiga msasa hapa?"

"Ni mimi, Baba."

Na akasomewa tena yote, kuanzia makinda mpaka ufagio.

Nilimuuliza Kaka kwa nini anajitakia. Nilikasirika, kusema kweli, niliona anamchezea mzee. Akaniambia, "Muda ule anapokuwa ananigombeza, yuko hapa. Anajua yeye ni nani na mimi ni nani. Wewe una njia nyingine ya kumpata?" Sina. Nikaacha.

Ndivyo tunavyoishi sasa. Karakana haijawahi kuwa safi namna hii. Siku moja Kaka alikuwa ameng'oa lile jino, hakuja, na swali likaulizwa bila yeye. Fundi Kobe akasimama taratibu akasema, "Ni mimi, Mzee," akagombezwa mpaka akafagia barazani kwa kinyozi. Mimi pia zamu yangu ilishafika. Sitakuandikia alivyonigombeza. Nitakuambia tu kwamba katikati ya kunigombeza aliniita kwa jina langu.

Sasa kura. Yangu ni kwamba abaki. Kaka amebadilisha ya kwake bila kuitangaza: amemwita fundi umeme, swichi ya ule msumeno imehamishiwa juu, ndani ya kisanduku cha kufunga, na ni marufuku kumwacha Baba peke yake hata kwa dakika ya kwenda kununua spiriti. Kobe ameapa. Kama vidole vitakatika, vitakatika sote tukiwapo, na hilo nimelisema kwa mdomo wangu nikiwa najua maana yake. Naogopa kila siku. Lakini abaki.

Daktari wa meno alishachukua milango yake mipya. Anasema wagonjwa wengine wanaitwa mara mbili hawasikii. Mmoja aliuliza mbona wa mlango huu ni weusi na wa mlango ule ni weupe, ni ndege gani hao wanaobadilika. Daktari alishindwa, akamtuma kwetu. Alifika, akapewa kiti, na Baba akamweleza mkato wa pacha vizuri mno, mwanzo mpaka mwisho. Yule bwana akaaga. Alipofika mlangoni Baba akaniuliza ni mtoto wetu yule, au ni nani.

Mama anakusalimu na anasema picha za theluji sasa zimetosha, utume za watoto. Kaka anakusalimu, hajui nimekuandikia haya yote, na ukimtania nitajua siri imetoka kwako. Mke wa Kaka anakusalimu akiwa ameshika usukani hata mezani. Shemeji yako, mume wangu, anasema viatu ulivyomletea vimekwisha, na hilo si ombi, ni taarifa tu. Fundi Kobe anakusalimu. Aliniambia hivyo jana na bado anamalizia. Mpe wifi yangu mkono, na watoto uwaambie shangazi yao anataka michoro ya ndege, ndege wowote, nitaikata.

Baba sikumwambia naandika. Nilimwuliza tu, bila kutaja jina, kama ana mtoto aliye mbali. Akafikiri, akasema yupo mmoja, ila yule hana haja na kazi ya mbao. Usihuzunike. Kukumbuka kwake ndiko huko.

Na kura yako nakuachia mwenyewe, lakini usiipige kwa simu. Njoo. Tutakupokea kwanza, utakula, utalala juu ya mbao, na asubuhi tutakuingiza karakana kabla Baba hajafika. Ule mlango utakuwa dirishani. Akiuliza, usimtazame Kaka wala usinitazame mimi, wewe jibu tu. Na kama unakuja, ndugu yangu, usingoje likizo ndefu. Siku nyingine Baba anapita mbele ya mlango ule hauoni, anakwenda moja kwa moja kukaa, na Kaka siku hiyo hali chakula. Mwezi uliopita siku hizo zilikuwa chache. Mwezi huu si chache tena.

Mungu akulinde huko uliko, akufungulie njia ya kuja, na umkute Baba bado ana la kukugombeza.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata unapomkatiza.